Ninasimulia historia ya nguo za ndani jukwaani, na mama hanisemeshi tena

BARUA

Jambo sana, Shangazi.

Nakuandikia kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Nina miaka 31, nimeolewa, nina mtoto mchanga tunayetaka kumbatiza. Kazi yangu ni jukwaa. Zamani niliigiza na makundi ya watu wengine. Siku hizi nina onyesho langu, nalifanya peke yangu, na linahusu historia ya nguo za ndani.

Usishtuke, Shangazi, sivui kitu. Naingia nimevaa gauni la kikwembe, yaani kitenge, kama mama yeyote anayekwenda sokoni, halafu kila zama ninayoisimulia naivaa juu ya gauni hilo. Kwanza kitani cha pembe tatu kama walichofunga Wamisri wa kale. Kisha suruali ya ndani ya wanawake wa Ulaya, miguu miwili iliyoungana kiunoni tu, katikati wazi. Kisha koseti, lile vazi la kubana kiuno, niliyoishona mwenyewe. Mahali pa zile fito zinazotoka kinywani mwa nyangumi nimetia vipande vya plastiki nilivyokata kwenye ndoo. Mwisho krinolini, kile kizimba cha sketi cha mwaka 1856. Chao kilikuwa cha pete za chuma, changu ni cha mipira ya fundi bomba. Nikishakivaa sipiti mlangoni mpaka nigeuke ubavu na kukiinua upande mmoja, na hapo ukumbi mzima unapiga kelele. Nasimulia chupi za Malkia Victoria wa Uingereza, wanawake waliotolewa mbavu ili koseti iwaingie, Otto Titzling, Mjerumani aliyevumbua sidiria, hadi nailoni na mpira wa kiunoni. Watu wanacheka sana, lakini hawatoki mikono mitupu. Akina mama wananifuata nyuma ya pazia kuniuliza mambo ambayo hawajawahi kumuuliza mtu.

Shida iko nyumbani. Baba mkubwa aliitisha kikao cha familia. Alisema watu wenye heshima huanika chupi chini ya kikwembe, hata kwenye kamba ya uani kwao, na mimi nazipandisha jukwaani na kukata tiketi. Akasema haya ni mambo ya Wazungu, si ya kwetu. Nikamjibu palepale: mficha uchi hazai. Kikao kikavunjika. Mume wangu yuko upande wangu, ndiye anayenibebea sanduku la mavazi, na maneno ya baba mkubwa nayaweza.

Ninayeshindwa naye ni mama. Mama hakuwahi kunizuia. Mwezi uliopita alikuja ukumbini Kamalondo kuniona, akakaa mstari wa pili na wenzake wa parokia, nikamwona akicheka mpaka anafuta machozi nilipofika kwa Malkia Victoria. Lakini hakungoja mwisho. Nilipokuwa nalitoa gagulo la nkambo, yaani sketi ya ndani ya bibi yangu, alisimama, akachukua mkoba wake, akatoka. Tangu hapo hapokei simu zangu. Nikienda nyumbani ananisalimia kama mgeni, ananiwekea kiti, anarudi jikoni. Kwa mdogo wangu alisema neno moja tu, kwamba hata kwenye ubatizo hatafika.

Gagulo hilo ndilo kilele cha onyesho. Nkambo, mama yake mama, alilishona kwa magunia ya unga walipokuwa wakiishi kambi ya wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi. Ukigeuza pindo, herufi za gunia bado zinasomeka, za buluu, kichwa chini miguu juu. Alilivaa ndani ya kikwembe cha waksi ya Kiholanzi. Nililikuta kwenye sanduku lake baada ya kilio, nikalichukua. Jukwaani nalinyanyua, nageuza pindo taa zilimulike, nasema: "Nje Uholanzi, ndani gunia!" Hakuna mahali pengine wanapocheka kama hapo. Naamini nkambo angejivuna kuona anapigiwa makofi.

Sasa lise moja, shule ya sekondari ya wasichana, imenialika kwa sherehe za 8 Machi, siku ya wanawake. Wazazi wengine wamesikia na wameanza kunung'unika. Mama prefe, mkuu wa shule, anasubiri jibu langu. Mume wangu anasema niende. Mimi naogopa kwamba nikienda, mama ataona nimemchagua nani.

Je, niache onyesho hili? Na shuleni niende?

Mwenye Sanduku, Katuba

JIBU

Mwanangu, usiache. Nalisema kwanza ili haya mengine uyasome ukiwa umetulia.

Una kesi mbili, na wewe umezifunga kamba moja. Baba mkubwa anakataa habari yenyewe, chupi kutajwa mbele za watu. Mama yako hakatai habari hiyo hata kidogo. Soma tena ulichoandika kwa mkono wako. Mama anayeona haya kwa kazi ya binti yake haji na wenzake wa parokia. Hakai mstari wa pili. Hamcheki Victoria mpaka machozi yamtoke. Alikaa, alifurahi, alijivunia mtoto wake mbele ya wenzake, na alisimama saa ileile ulipolitoa gagulo. Umelieleza jambo hilo ukalipita kama limetokea tu, na mimi naona ndilo barua nzima.

Fikiria alichokisikia akiwa kwenye kile kiti. Watu asiowajua wanacheka kwamba mama yake mzazi alikuwa na waksi nje na gunia ndani. Wewe gagulo ulilikuta limekunjwa sandukuni, kwako ni kitu cha ajabu na kizuri, na nakubali kwamba ni kizuri. Mama yako amelelewa na mwanamke aliyelivaa. Huenda alikaa karibu naye likishonwa. Huenda anakumbuka lilivyokuwa likifuliwa na kufichwa, maana waksi ile ilivaliwa ili gunia lisijulikane. Nkambo wako alifanya kazi kubwa kulificha, akafaulu maisha yake yote, na mjukuu akageuza pindo mbele ya taa. Wenzake wa parokia walikuwa pale pembeni, walisikia. Kesho yake alikutana nao.

Utaniuliza, mbona Victoria tunamcheka wote? Victoria alikufa mwaka 1901. Nguo zake za ndani ziligawiwa watumishi wa nyumba yake, zikapita mkono kwa mkono, na mwaka 2008 chupi yake moja, yenye kiuno cha karibu sentimita 127 na herufi VR (Victoria Regina, yaani Malkia Victoria) zilizotariziwa kwa sindano, iliuzwa mnadani Derby, Uingereza, kwa pauni 4,500. Tutankhamun naye, farao wa Misri, mchimbuzi Howard Carter alipolifungua kaburi lake mwaka 1922 zilikutwa humo nguo za kufunga kiunoni zaidi ya mia, za kitani safi. Hao wawili wasimulie utakavyo. Hakuna binti yao anayekaa mstari wa pili Kamalondo.

Na kuna hili la sanduku. Unasema ulilikuta ukalichukua. Nani alikupa? Katika familia nyingi za huku, baada ya kilio wazee hukaa wakagawa vitu vya marehemu, na nguo zilizogusa mwili wake zina utaratibu wake, hazichukuliwi na kila mkono. Hata kama kwenu hamna mila kali ya namna hiyo, wa kuulizwa alikuwa mama yako.

Kwa hiyo fanya hivi. Lifue gagulo kwa mkono, lipige pasi, likunje, lifunge ndani ya kikwembe kipya. Nenda kwa mama peke yako. Usiende na mume wako, usimtume mdogo wako, wala usimbebe mtoto ili mama alainike. Mama zetu wanazijua mbinu hizo kwa sababu wao ndio waliozianzisha. Akikuwekea kiti, usikae. Mfuate jikoni. Mwambie: "Mama, nimelirudisha. Nililichukua bila kukuuliza, nikawafanya watu wamcheke nkambo. Nisamehe." Basi. Usimweleze kwamba ulikusudia kumheshimu, usimwambie watu wangapi walipiga makofi, na habari ya ubatizo usiiguse siku hiyo. Ukileta gagulo kwa mkono mmoja na ombi kwa mkono wa pili, ataona umekuja kununua.

Akianza kukusimulia juu ya nkambo, nyamaza usikilize, hata mkikaa mpaka usiku. Usiwashe simu kumrekodi. Ikiwa siku moja atakwambia mwenyewe, "Chukua, waonyeshe," utalichukua, na utamuuliza maneno gani useme ukilishika. Asiposema hivyo, gagulo ni lake.

Onyesho lako halitakufa. Aliyetengeneza koseti kwa ndoo hawezi kushindwa kushona gagulo la gunia. Shona lako, na lile neno la Uholanzi na gunia liache kabisa, maana linamcheka maskini kwa umaskini wake. Kuna simulizi iliyo bora kuliko hiyo. Huko Marekani, miaka ya 1930 uchumi ulipoanguka, familia za mashambani zilishona chupi, magauni na nguo za watoto kwa magunia ya unga na ya chakula cha kuku. Wenye viwanda walipoona hivyo wakaanza kuuza unga ndani ya magunia yaliyochapwa maua, wakatumia na wino unaotoka kwa maji, ili mama achague gunia kwa urembo wake. Waambie watu hayo, kisha waulize ukumbini nani alimwona mama au nkambo wake akishona cha gunia. Utaona mikono. Watakaojibu watakuwa wamejitolea wenyewe, na kicheko kitakuwa chao.

Sasa baba mkubwa. Mficha uchi hazai ni neno la mtu anayemhimiza mwenziwe aseme shida yake apate msaada. Wewe ulimrushia mzee nalo mbele ya watoto wake. Nenda na mumeo, mpelekee kitu mkononi kama inavyostahili, omba msamaha kwa lile jibu. Kwa onyesho usiombe msamaha.

Lakini hoja yake moja ichukue, kwa sababu ni ya kweli. Umetoka Misri, ukapita Ulaya, ukafika nailoni, na sehemu yetu sisi ilikuwa gunia tu. Anaposema ni mambo ya Wazungu, umempa sababu. Na sisi tuna ya kusimulia! Katika msitu wa Ituri, Wambuti hutengeneza nguo ya kiunoni kwa gome la mti: wanaume huligonga mpaka lilainike kama kitambaa, wanawake hulichora kwa mkono. Kule Kasai, Wakuba wanaume hufuma rafia, wanawake huitarizi, na sketi moja ya sherehe inaweza kuwa na urefu wa mita kadhaa, ikazungushwa na kuzungushwa kiunoni. Shanga za kiunoni ambazo wenzako wanazo sasa hivi chini ya nguo, nazo zina historia. Kaulize Makumbusho ya Taifa hapahapa mjini wana nini katika hayo wanachoweza kukuonyesha. Kaongee na nachimbusa, wale akina mama wanaomfunda bibi harusi. Wao wanazungumza habari za nguo za ndani tangu zamani, chumbani, mlango umefungwa, kwa nyimbo na kwa kicheko, na wanajua lipi linatoka nje ya mlango na lipi halitoki. Hiyo ndiyo elimu unayoikosa, nami natamani uipate kutoka kwao kuliko kutoka kwangu. Na baba mkubwa akisema tena kwamba mambo ya nyumbani hayachekwi hadharani, mkumbushe kwa adabu Mufwankolo na kundi lake la maigizo, walioichekesha Katanga kwa miongo mingi kwa mambo ya ndoa, ukwe na mshahara, kwa Kiswahili cha mji huu. Nadhani hata yeye alikuwa akikaa mbele ya redio.

Kabla ya shule, safisha simulizi lako, maana walimu watakusikiliza kwa sikio jingine. Otto Titzling hakuwahi kuishi. Alibuniwa katika kitabu cha utani kilichotoka mwaka 1971, na watu wamemrudia mpaka akawa kama mtu. Sidiria haina mvumbuzi mmoja. Herminie Cadolle, mshonaji wa Paris, aliikata koseti vipande viwili mwaka 1889. Mary Phelps Jacob, Mmarekani, aliunganisha leso mbili za hariri kwa utepe, akapata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, tarehe 3 Novemba 1914, kisha akaiuza kwa kampuni ya koseti kwa dola 1,500. Halafu mwaka 2008, kasri la Lengberg huko Austria lilipokuwa likikarabatiwa, chini ya sakafu zikapatikana nguo za kitani za karne ya 15, na baadhi zina vikombe viwili vya matiti, kama sidiria tunazovaa leo. Mtu fulani alishona vile zaidi ya miaka mia nne kabla ya hataza hiyo ya 1914, na jina lake hatunalo. Hilo ni zuri kuliko Titzling, tena ni kweli.

Habari ya mbavu nayo itoe. Karne ya 19 haikuwa na antibiotiki. Kumpasua mtu kifua kwa ajili ya kiuno chembamba kungemuua, na hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba ilifanywa. Koseti yenyewe ilibana vya kutosha, huna haja ya kuiongezea. Ile suruali iliyo wazi katikati, eleza na sababu yake: mwanamke aliyevaa sketi juu ya sketi na koseti juu ya kiuno asingeweza kuivua kila akitaka kwenda msalani. Ukisema hivyo watu wanaacha kuguna, wanaelewa.

Na wanaume watie ndani! Katika barua yako yote hakuna chupi hata moja ya mwanaume tangu Misri, na hao vijana wanaopiga miluzi nyuma ya ukumbi wanastahili zamu yao. Januari 1935, duka moja kubwa la Chicago lilianza kuuza chupi fupi ya wanaume. Siku hiyo kulikuwa na dhoruba ya theluji, meneja akaagiza zitolewe dirishani kwa sababu nani atanunua kachupi kafupi katika baridi ile. Kabla hazijatolewa, zilikuwa zimeuzwa 600, na hata saa sita mchana haijafika.

Shuleni nenda. Wasichana wale wanavaa nguo hizi kila siku na mara nyingi hakuna mtu aliyewaeleza chochote zaidi ya "ficha". Lakini lisiwe onyesho la Kamalondo. Simu zote zibaki nje, picha zisipigwe, walimu wa kike wawepo, wavulana na wageni wasiwepo. Weka boksi la maswali yasiyo na majina. Tumia nafasi hiyo kusema jambo ambalo baba mkubwa amelitaja bila kulikusudia: chupi inayoanikwa chini ya kikwembe haipati jua, inabaki na unyevu, na unyevu huo unaleta fangasi na muwasho. Ukitaka kuisitiri, tafuta kona ya ua ambayo jua linafika na macho hayafiki. Hata vitambaa vya hedhi, vifuliwe kwa sabuni na vianikwe juani mpaka vikauke kabisa. Sema hivyo waziwazi, usilipambe.

Na wape kisa kimoja cha kwenda nacho nyumbani. Mavazi waliyovaa wanaanga wa Apollo mwezini, Julai 1969, yalitengenezwa na kampuni ambayo watu waliijua kwa sidiria na mikanda ya tumbo ya Playtex. Walioyashona ni wanawake wa cherehani, na baadhi yao walitolewa kwenye meza za nguo za ndani. Vazi lilikuwa na tabaka 21, na pini moja iliyosahauliwa katikati ya tabaka ingeweza kutoboa vazi na kumuua mtu. Msichana wa Lubumbashi anayejifunza cherehani anahitaji kusikia hayo kutoka kwa mwanamke aliyesimama mbele yake akiwa amevaa krinolini ya mipira ya bomba.

Mwandikie mama prefe wiki hii kwamba utakuja. Umpe karatasi moja inayotaja utakachoonyesha na utakachosema, kimoja kimoja, awapelekee wazazi kabla hawajaanza kujitungia orodha yao.

Shangazi